Safu ya Kulia

Kushoto naandika kilichoingia,
kulia naandika kilichotoka.
Aliyeipa safu hii jina alijua:
kulia ni upande,
kulia ni machozi,
na mkono wa kulia, tuliambiwa utotoni,
ndio wa kulia.

Mimi Peres Amolo, mweka hazina wa Nyawita Rovers,
mwaka wa kumi na moja, kiti kile kile cha plastiki
kilichofungwa mguu kwa waya.

Kushoto, Jumamosi iliyopita:
viingilio, elfu kumi na nne na mia sita
(waliopita chini ya seng'enge sikuwahesabu),
kodi ya kibanda cha chai, elfu moja,
mchango wa akina mama wa mgongo wazi,
noti zinazonuka mafuta ya kukaangia;
huzianika dirishani kabla ya kuzipeleka benki.
Kulia:
refa, maji, dawa ya misuli, chokaa ya mistari,
nauli ya kwenda Bungoma
na, kwa rehema ya Mungu, ya kurudi.

Ligi imetuletea barua yenye muhuri.
Kurasa tisa, lakini ukizikamua linabaki neno moja
ambalo nyanya yangu asingemlipa wakili aliseme:
usile zaidi ya ulichovuna.
Leteni vitabu vya miaka mitatu,
la sivyo, leseni hakuna.
Na wale wakubwa wa Nairobi?
Wao walikula kwanza,
wakanawa,
ndipo wakaafikiana kuhusu adabu za mezani.

Mwenyekiti Barrack hasomi barua.
Ana duka la mabati na saruji, sauti isiyohitaji kipaza,
na amemwona mshambuliaji huko Nakuru:
mabao kumi na tisa, miguu yote miwili.
Bei, laki tisa.
"Andika udhamini," ananiambia.
"Duka langu, kifuani mwa jezi. Milioni moja."
Mwenyekiti, namjibu, ubao wako pale Kondele,
mpana kuliko ukuta wa kanisa,
unaulipia elfu thelathini kwa mwaka.
Kifua cha kijana kina upana gani?
Akacheka. Alicheka peke yake.

Nje walikuwa wakiimba jina la mchezaji ambaye hajafika.
Mimi nilikuwa na jingine kichwani:
Fanuel Ogweno, winga wa kushoto,
tuliyemuuza kwa mipira kumi na miwili
na mashine ya kukata nyasi.
Mashine ilikufa Machi.
Fanuel akauzwa tena, na tena, nchi za mbali,
sifuri zikiunganishwa nyuma ya jina lake kama mabehewa,
na hakuna aliyeuliza treni iling'oa nanga wapi.
(Treni haina nanga, najua. Hata sisi hatukuwa na wakili.)
Haki katika matumizi, naikubali.
Ningeipenda zaidi
kama ingezaliwa kabla ya ile mashine.

Nikaandika elfu thelathini.
Wino wa bluu, sahihi, tarehe.
Mwenyekiti akatoka bila kufunga mlango.
Kufikia magharibi, ukuta wa choo cha uwanja
ulikuwa umeandikwa kwa makaa:
PERES AMEUZA UBINGWA.
Basi nilipunjwa; sijaona hata senti.

Saa mbili usiku mlango ukagongwa.
Kijana, begi mgongoni, viatu vya kuchezea
vimefungwa kamba, vinaning'inia shingoni.
"Naitwa Hosea Kibiwott. Nimetoka Nakuru.
Niliambiwa niulizie ofisi."
Hakuna aliyempigia simu kumwambia asije.
Laki tisa ilikuwa imesimama mlangoni pangu,
nyembamba, ina njaa.

Nikampeleka kwa Rosbela, pale anapokaangia.
Ngege mzima, ugali, sukuma, mia nne.
Alikula bila kuinua kichwa,
mkono wa kulia ukienda na kurudi,
ukienda na kurudi,
mpaka akabakisha kile ambacho sisi hapa huanzia.

Wakaguzi wanakuja Alhamisi.
Vitabu viko sawa, miaka yote mitatu.
Ila ile mia nne:
haimo kushoto,
na kulia sikuiandika.